Tuwaheshimuje Askari wa Koo Zetu?

Mazungumzo ya redio. Somo: 2 Samweli 23:8–39

  

Somo letu la leo ni orodha ya majina. Wengi wetu tukifika mahali kama hapo katika Biblia huruka kurasa, tukitafuta habari tamu zaidi. Leo tunawaomba msiruke. Mwandishi wa kitabu cha Samweli anawataja askari wa mfalme Daudi mmoja mmoja: jina lake, jina la baba yake, na mahali alikotoka. Wengine anawaeleza kwa tendo moja tu. Yuko Eleazari, aliyepigana mpaka mkono wake ukachoka na kugandamana na upanga. Yuko Shama, ambaye wenzake walipokimbia alisimama katikati ya shamba la dengu akalilinda. Yuko Benaya, aliyeshuka shimoni siku ya theluji akamwua simba. Baada ya hao yanafuata majina matupu, jina baada ya jina, hata jumla yao ni 37.

Je, jina la mwisho ni la nani? Ni la Uria Mhiti. Mnamkumbuka Uria. Alikuwa mgeni katika Israeli, lakini askari mwaminifu. Daudi alimtwaa mkewe, kisha akaandika barua ya kumwua, akampa Uria mwenyewe mkononi aipeleke vitani. Ingalikuwa rahisi kwa watu wa jumba la mfalme kulifuta jina hilo, maana linamwaibisha mfalme. Hawakulifuta. Limeandikwa pamoja na majina ya mashujaa wote, nasi twalisoma mpaka leo.

Ndugu zetu, katika nyumba nyingi za sehemu hizi zetu yuko mtu wa namna hiyo. Ni babu, au babu wa babu, ambaye watoto husikia habari zake kwa maneno mawili tu: alikwenda Keya. Alikwenda wapi, na nani, akaona nini, akarudi lini? Hakuna ajuaye. Tunauliza leo: twawezaje kumheshimu mtu huyo kama Wakristo, tena kwa kweli? Tunataka kuwaonyesha kwamba heshima yake ina sehemu tatu. Apewe jina lake. Lielezwe tendo lake. Na ukweli wake usemwe wote, hata ule unaouma.

Basi tuanze na habari zenyewe.

Kila mtu wa Webuye anakijua kilima cha Chetambe kinachotazama mji. Mwaka 1895 wazee wetu walijikinga ndani ya ngome hapo juu, wakapigana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Bwana Hobley. Wetu walikuwa na mikuki, pinde na ngao, na bunduki chache. Wenzao walikuwa na bunduki za rasharasha. Matokeo mnayajua. Wengi walikufa, na nchi ikawekwa chini ya bendera ya kigeni.

Sasa fikirini jambo hili. Ilipoanza Vita Kuu ya kwanza mwaka 1914, ilikuwa imepita miaka 19 tu tangu Chetambe. Mtoto aliyebebwa mgongoni na mama yake siku ile ya moshi na kilio alikuwa sasa kijana mwenye nguvu. Kijana huyo ndiye aliyeitwa kwenda kuipigania dola ile ile ambayo bunduki zake zilimwua baba yake. Je, alikwenda kwa kupenda? Wachache walipenda. Wengi walikusanywa na machifu na askari wa serikali. Mwaka 1917 serikali ilifanya mkusanyo mkubwa kuliko yote, chini ya Bwana John Ainsworth, na nchi za Nyanza, ambazo wakati huo ziliingiza na nchi yetu ya Kavirondo ya Kaskazini, zilitoa watu wengi mno.

Wengi wa hao hawakupewa bunduki. Walipewa mizigo. Walikuwa wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, nalo jina hilo midomoni mwa watu wetu likawa Kariakoo. Ukienda Nairobi utaliona soko lenye jina hilo, na Dar es Salaam hali kadhalika. Katika nchi ambayo leo ni Tanzania, barabara za magari zilikuwa chache na mbung'o waliwaua farasi, ng'ombe na punda. Kwa hiyo chakula, risasi na dawa za jeshi zilipita juu ya vichwa vya watu. Walimfuata Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani hata Msumbiji, naye hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala katika Zambia. Huko Ulaya vita vilikuwa vimekwisha majuma mawili kabla.

Waliowaua wapagazi hawakuwa Wajerumani hasa. Ni malaria, kuhara damu, kichomi na njaa. Mtu aliyezoea wimbi, viazi na ndizi vya kwao alipewa unga mbaya, na mara nyingi hakuwa na nafasi wala chombo cha kuupika ukaiva. Serikali yenyewe ilihesabu wapagazi waliokufa zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye wanasema hesabu ya kweli inapita hapo sana, pengine 95,000 na zaidi.

Mbona hesabu zinatofautiana hivyo? Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo letu. Zinatofautiana kwa sababu majina hayakuandikwa vizuri. Mtu alichukuliwa kwao, akapewa namba, akafa njiani, akazikwa kando ya njia, na karani aliyefuata hakujua ni mwana wa nani. Mishahara ya maelfu ya wafu ilibaki katika mikono ya serikali, jamaa zao wasilipwe, kwa kuwa ilisemekana wenyewe hawajulikani. Kumbe jina si pambo, wapendwa. Asiye na jina katika daftari, mjane wake hana pa kudai.

Na huku wetu wakisahauliwa, wengine walikumbukwa. Mwaka 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani, na mengi ya mashamba hayo yalikuwa Trans Nzoia, kuzunguka Kitale. Mpagazi wetu aliyerudi hai alipewa kipande cha kuvaa shingoni, na wana wake wakaenda kulima katika mashamba hayo kama maskwota.

Mwaka 1928 ilisimamishwa sanamu ya askari na wapagazi huko Nairobi, kwenye barabara inayoitwa leo Kenyatta Avenue. Maneno yake yalitungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, yakaandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wapagazi wanasifiwa humo kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, tena waliokufa wanaahidiwa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Ni ahadi njema. Lakini zunguka sanamu hiyo pande zote, hutaona jina hata moja la mpagazi.

Ilichukua zaidi ya miaka 90 kosa hilo kukubaliwa wazi. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni Waafrika, hasa wa Afrika ya Mashariki. Wakubwa wa zamani walidhani kwamba Mwafrika hana haja na jiwe la kaburi, nayo makaburi mengine ya wapagazi yakaachwa yameze msitu. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni, na tangu hapo kazi ya kutafuta majina imeendelea, hapa Kenya pia.

Tuvitazame sasa vita vya pili. Kutoka mwaka 1939 hata 1945, watu zaidi ya 90,000 wa Kenya waliingia jeshini. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakaenda Madagaska mwaka 1942, kisha Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani katika Bahari ya Hindi. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,000, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, na pamoja nao wauguzi wanawake. Mwaka huo huo Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika, katika matope na malaria, hata mwezi wa Desemba wakauteka mji wa Kalewa penye mto Chindwin. Amri za Keya zilitolewa kwa Kiswahili. Mbukusu, Mkamba, Mnandi na Myao wa Nyasaland walifia bonde moja wakizungumza lugha moja, hii tunayowaambieni leo.

Waliorudi walilipwa fedha ya kuachishwa jeshi, nayo ilipimwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akapata kidogo kuliko Mzungu aliyekuwa na cheo kile kile. Wengine walirudi na maswali. Waruhiu Itote, aliyekuwa Burma, baadaye akawa Jenerali China katika misitu ya Mlima Kenya. Wengine walirudi kimya, wakashika jembe, wasiseme neno. Walikuwako wake zao pia, waliolima, wakalipa kodi, wakazika watoto peke yao, wakingoja barua ambayo pengine haikuja. Hao hawakupewa nishani yo yote.

Na tusimsahau aliyekataa kwenda. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyekuwa mcheza mpira hodari, aliwapinga wakuu wa kikoloni waliokusanya watu kwa kazi na kwa vita. Alikamatwa, na mwaka 1945 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwezi wa Septemba 1947 aliwaongoza maelfu ya wafuasi wake mpaka Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Dini yake ya Msambwa siyo imani yetu, nasi hatuihubiri hapa. Lakini aliuliza swali ambalo Mkristo hawezi kulikwepa: tunawakumbuka wafu wa nani, na tunawasahau wa nani?

Basi, wapendwa, hili ndilo swali gumu. Kuna Wakristo miongoni mwetu wanaoona si vema kumsifu askari. Ndugu zetu wa Kanisa la Marafiki, ambao wamisionari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, na ambao wana kanisa la siku nyingi hapa jirani Lugulu, hufundisha kwamba mfuasi wa Kristo asishike silaha. Wengine wanasema, vita vile havikuwa vyetu, kwa nini tujivune navyo? Tena ziko nyumba zenye siri nzito zaidi. Wakati wa Hali ya Hatari, tangu mwaka 1952, vikosi vya Keya vilitumwa kupigana na Mau Mau. Pengine babu alikuwa upande huo, na watoto wanaona haya kulitaja.

Tunajibu kwa kurudi kwenye somo letu. Katika sura hiyo hiyo ya 23, Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Watu watatu wakapenya katikati ya adui wakamletea. Daudi alikataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliyaona ni kama damu ya watu wale waliohatirisha maisha yao. Oneni jinsi alivyofanya. Hakuwadharau askari wake, wala hakujinufaisha kwa hatari yao. Huo ndio mfano wetu. Twaweza kumheshimu mtu na ushujaa wake bila kuinywa vita kama maji matamu.

Na jina la Uria linatufundisha la pili. Kumbukumbu ya Mungu haichagui yaliyo mazuri tu. Imemweka mwenye kudhulumiwa katika orodha moja na watumishi wa aliyemdhulumu, na imelieleza kosa la mfalme sura kadhaa kabla. Kama babu yako alipigwa kiboko akabebeshwa mzigo, liseme hilo. Kama alikwenda kwa kutaka mshahara wa mahari au wa kodi, liseme. Kama alifanya jambo lililomsumbua mpaka kufa kwake, lisemwe kwa upole, pamoja na toba yake ikiwa alitubu. Kumfanya shujaa asiyekuwa na doa ni kumsahau kwa njia nyingine, maana mtu huyo unayemsifu siye aliyeishi.

Tufanyeje, basi? Tuna mashauri manne.

La kwanza, ulizeni mapema. Waulizeni kuka na kukhu walio hai leo, maana wao walisikia kwa masikio yao. Wasipojua mwaka, msikate tamaa. Wabukusu wana marika manane yanayozunguka, na kila mwaka wa tohara una jina lake kutokana na jambo lililotokea. Mzee asiyejua alizaliwa lini anajua alitahiriwa na nani. Ukilijua rika lake, umeanza kuijua vita yake.

La pili, andikeni. Kurasa za mwanzo za Biblia ya nyumbani zinafaa sana kazi hiyo. Kama iko nishani sandukuni, iandikieni karatasi ya jina mkaifunge nayo, kwa kuwa nishani nyingi za vita vya pili Waingereza walizitoa bila kuchora jina la mwenyewe. Siku akifa wa mwisho anayejua ni ya nani, itakuwa chuma cha kuuzwa kwa kilo. Na kama alifia vitani, Tume ile ya makaburi ina daftari ambalo mtu aweza kulitafuta kwenye intaneti bila malipo. Vijana mnaojua simu hizi za kisasa, kazi hiyo ni yenu. Msipoliona jina lake, kaandikeni mnayoyajua, mkaipelekee Tume.

La tatu, tajeni hadharani. Tunayo desturi njema ya kumuse, mzee mwenye kipawa akisimama baada ya mazishi akitembea huku na huku, akieleza ukoo na mambo ya kale, akiwaonya walio hai. Yasikose humo majina ya waliokwenda Kariakoo na Keya, na wale waliofia Chetambe, na kina mama waliongoja. Makanisa nayo, Jumapili ya mwezi wa Novemba dunia inapowakumbuka wafu wa vita, yawaite watu wa kila nyumba walete majina, yasomwe mbele ya madhabahu.

La nne, watunzeni walio hai. Askari wetu wamekwenda Somalia tangu mwaka 2011, na wengine wametumwa nchi nyingi kulinda amani. Wamo miongoni mwetu vijana waliorudi wakiwa na kilema, na wengine kilema chao hakionekani: hawalali usiku, wanashtuka mlango ukigongwa, wanakimbilia pombe. Wamo wajane wenye umri wa miaka 25. Itakuwa unafiki kumwandikia babu jina zuri, na jirani huyu tumpite kama hatumwoni. Mtembelee. Msikilize bila kumharakisha. Ukiona mzigo ni mzito, mpeleke kwa mganga wa hospitali, na mchungaji asiwe mbali.

Wapendwa, siku yaja, asema nabii Isaya, ambapo mataifa watafua panga zao ziwe majembe, wala hawatajifunza vita tena kamwe. Twaingojea siku hiyo na kuiombea. Lakini mpaka ifike, Mungu wetu anayaweka majina. Mpagazi aliyelala kando ya njia ya Rufiji bila jiwe, Yeye hakumpoteza. Jambo lililobaki ni kama sisi, tulio damu yake, tutataka kumjua.

Na tuombe.

Ee Mungu wa baba zetu, wewe uliyemwona Uria alipobeba barua ya kifo chake, uwakumbuke wana wa nchi hii waliobebeshwa vita vya watu wengine. Utufundishe kuwaheshimu kwa kweli. Uwaponye waliorudi, uwafariji wanaongoja, uwasamehe waliokosa, nasi pamoja nao. Utupe amani yako mipakani mwetu na nyumbani mwetu. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.